Kuku wa Kufungulia Mdomo

Kama hujawahi kuishi na kikohozi cha mtu, utasema Nesta alikuwa anajisumbua bure. Waulize wanawake walioolewa kwa akina Simbeye pale Chapwa, Tunduma, watakueleza vizuri. Mzee Fanueli Simbeye anakohoa akitoka chumbani kwake, anakohoa tena akifika kona ya jiko, na hapo mkamwana wake awe ameshageuka, ameshusha kitenge usoni, au ameingia ndani na kurudishia mlango. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, hakatizi mbele yake. Na mzee naye hamsemeshi mkamwana. Ndiyo heshima yao katika ukoo ule, na heshima ya watu usiicheke kabla hujala chumvi yao.

Nesta aliicheka siku ya kwanza tu, tena kimoyomoyo. Yeye ni wa Ihanda, binti wa mkulima wa kahawa, na nyumba ya kwao ilikuwa ya makelele tangu asubuhi. Baba yake akiitwa chumbani huitikia akiwa shambani. Sasa mtu wa nyumba kama hiyo unamleta Tunduma, unamwambia kuna mwanadamu mmoja humu uani asisikie sauti yako! Mama mkwe, Mama Paskalina, alimketisha jikoni akamwambia taratibu, "Mwanangu, neno lako kwa baba litapita kwa Brayson. Na neno la baba litakujia kwa Brayson. Mpaka siku utakayofunguliwa mdomo." Brayson ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye kibanda cha nafaka sokoni.

Kufunguliwa mdomo si jambo kubwa. Mume anatafuta tetea mzuri, anaketi mkono wa kulia wa mkewe mbele ya baba yake, shangazi wa ukoo akiwepo. Mzee anamgusa yule kuku na kusema, "Sema." Mke anasema neno lake la kwanza, watu wanapiga vigelegele, kuku anaingia chunguni. Mzee akikataa, anainuka na kuondoka, na hapo huyo mwanamke afunge mizigo. Lakini hakuna aliyewahi kukataliwa, maana kila mtu huja na mume wake ubavuni.

Shadrack, mume wa Nesta, alikuwa dereva wa malori ya kwenda Kongo. Mtu mcheshi, mwenye kuahidi. "Nikirudi safari hii nakufungua mdomo." "Pasaka hii." "Ngoja tupaue kwanza." Mtoto wao Eva akazaliwa, akatambaa, akaanza kuongea yeye na babu yake mchana kutwa, na mama yake bado ananong'ona jikoni. Kisha safari moja Shadrack hakurudi. Lori lilipinduka huko mbele, ndani ya Zambia, akaletwa kwenye sanduku. Watu walilia, walizika, walianua matanga, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa kuna mdomo umebaki umefungwa na mwenye kuufungua amekwenda nao.

Vijana wataniuliza: simu je? Hilo nalo lilifikishwa kikaoni. Shangazi Tabita, dada yake mzee aliyeolewa ng'ambo pale Nakonde, ndiye aliyelikata: meseji nayo ina mdomo, na ile ya sauti ndiyo ina mdomo zaidi. Likaisha.

Nesta alikaa na ujane wake akiuza vitenge karibu na mpaka. Wateja walikuwepo, lakini akija Mzambia mwenye Kiingereza chake, au dereva wa kutoka kusini kabisa, Nesta alikuwa anatabasamu tu na kuonyesha vidole, na jirani yake wa meza anamnyakua mteja. Siku moja alirudi nyumbani amekasirika, amejikasirikia mwenyewe, akasema basi. Alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne kimelala sandukuni. Akaomba chuo Vwawa, akapata nafasi ya stashahada yenye Kiingereza, mawasiliano na sanaa za maonyesho. Brayson akapeleka neno kwa mzee, akarudi na neno: mzee hana shida, Eva atabaki na bibi yake. Nesta akafungasha.

Chuoni alifika akiwa mkubwa kuliko wenzake, wakamwita Mama Eva tangu wiki ya kwanza. Siku ya kujitambulisha alisimama, akafungua kinywa, na safu ya pili haikusikia kitu. Mwalimu wao alikuwa Madamu Irene, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika barabarani.

"Dada, unamwogopa nani humu?" akamuuliza.

"Hakuna, madamu."

"Basi huyo Hakuna mwambie ahame. Tunataka kukusikia hadi kiti cha mwisho, na sitaki upige kelele. Sauti itoke tumboni."

Darasa likaangua kicheko, naye Nesta akacheka kwa aibu. Lakini jioni alikwenda nyuma ya bweni, kwenye shamba la mahindi la chuo, akasimama mwanzo wa mistari akaanza kuyasalimia mahindi ya mwisho kule. Kesho yake tena. Wenzake wakamtania kuwa Mama Eva anahubiria magunzi. Akawaambia magunzi yanasikiliza kuliko wao, akaendelea. Kabla muhula haujaisha, sauti ilikuwa imefika kiti cha mwisho na kutoka dirishani.

Kwenye Kiingereza ndiko alikopata jambo ambalo hakulitarajia. Madamu Irene aliwaambia kila mmoja asimulie asubuhi moja ya maisha yake, asimame, asisome mahali. Nesta alipanga kusimulia asubuhi ya soko. Aliposimama, mdomo ukamletea asubuhi ile aliyoondoka Shadrack. Hakuwahi kuisimulia kwa mtu. Kwa Kinyiha cha kwao hakuweza, maana hicho ndicho alicholilia. Kwa Kiswahili watu walishampa pole nyingi mno hadi kila neno lilikuwa limelowa. Lakini Kiingereza hakikuwahi kuja msibani kwake. Kilikuwa kigumu, kikavu, cha kutafuta neno moja moja, na lile tafutatafuta likamshika asianguke. Akaisimulia yote hadi mwisho. Binti mmoja nyuma akawa anajifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Na mawasiliano je? Huko walipewa zoezi la watu watatu watatu. Mmoja ana malalamiko, wa pili anayabeba, wa tatu anayapokea chumba cha pili. Mbebaji haruhusiwi kudanganya. Loo, mambo yaliyofika chumba cha pili! Aliyesema "uji ulikuwa baridi kidogo" akafika amegoma kula. Mbebaji akaapa hakudanganya, na kweli hakudanganya. Alisaidia tu, akaeleza kile alichodhani mwenzake alitaka kusema. Nesta alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alimkumbuka Brayson.

Basi mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, ukabaki muhula wa mwisho na mitihani ya vitendo. Jumamosi moja Nesta akaja Chapwa kumwona mwanawe. Alimkuta Brayson mlangoni, amesimama kama mtu aliyeandaa hotuba.

"Shemeji, mzee amesema chuo basi. Ukikaidi, nenda na chuo chako, Eva abaki hapa kwao."

Nesta aliweka mfuko chini.

"Amesema hivyo? Kwa maneno hayohayo?"

"Mimi mjumbe tu, shemeji. Mjumbe hauawi."

"Sikuui, Brayson. Nakuuliza."

Brayson akatazama pembeni. "Aliniuliza unasoma nini. Nikamwambia kuigiza. Unamjua mzee. Halafu ukiacha, mimi kibandani nahitaji mtu wa kuaminika."

"Mwambie naomba kumweleza mwenyewe."

"Umweleze kwa mdomo upi?" Brayson akasema, na hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anasema ukweli wa nyumba ile.

Alikwenda, akarudi upesi mno. "Amenyamaza. Na mzee akinyamaza, ndiyo hivyo."

Nesta alirudi chuoni na moyo umevimba. Chaguo lilikuwa mbele yake bila kificho: cheti au mtoto. Binti yake angekua akiambiwa mama yako alichagua kuigiza. Alilia siku nzima ya Jumapili, na aliposhiba kulia akanawa uso. Wiki hiyo ndiyo waliyopewa mtihani wa kuigiza mtu mmoja unayemjua sana, mtu halisi. Wenzake walichagua mama zao, wachungaji wao, makonda wa stendi. Nesta, kwa hasira, alimchagua Mzee Fanueli.

Sasa hapo ndipo alipogundua kitu cha ajabu. Hakuijua sura yake! Miaka yote ile alikuwa anamtazama kuanzia magotini kwenda chini. Alizijua ndara zake za tairi, ile ya kushoto iliyolika upande, kidole gumba kilichopinda, ncha ya fimbo, kivuli chake asubuhi na kivuli chake jioni. Basi akamjenga kuanzia chini. Alivaa miguu kwanza, ikampa magoti, magoti yakampa mgongo, na mgongo ukamletea kikohozi chenyewe. Alipotembea ukumbini na kukohoa, vijana walianguka chini kwa kicheko. "Mama Eva, wewe ni noma!" Hata walimu walicheka.

Madamu Irene hakucheka sana. "Vizuri. Umemfanya achekeshe. Sasa niambie, anakohoa kwa nini?"

"Ili nipishe."

"Hiyo ni sababu yako wewe uliye jikoni. Nataka ya kwake. Rudi mwanzo, tembea tena, ukifika pale ukohoe, halafu usiondoke. Kaa ndani yake."

Nesta alirudi. Akatembea, akafika kona ya jiko lisilokuwepo, akakohoa, akasimama. Na miguu ikakumbuka kitu ambacho kichwa hakikuwahi kukishughulikia. Zamani mzee alikuwa akikohoa na kupita moja kwa moja. Tangu Shadrack afe, zile ndara hazipiti. Zinasimama. Yeye yuko nyuma ya mlango amejifunika, anaomba ziondoke arudi kwenye sufuria lake, na ndara zimesimama tu kwenye kona, kisha taratibu zinaondoka. Sasa alikuwa amesimama ndani ya ndara hizo, akajua. Mzee alikuwa na swali. Mwanawe aliagana na mtu mmoja tu mara ya mwisho, na mtu huyo yuko nyuma ya mlango wa jiko, na yeye amekatazwa kumuuliza.

Tena alishauliza! Nesta akakumbuka. Baada ya mazishi Brayson alikuja kumwambia, "Mzee anauliza bwana aliondokaje." Nesta alikuwa kwenye mkeka, macho yamefunga kwa kulia, akasema, "Aliondoka vizuri, alicheka, alicheka sana." Sijui Brayson alibeba nini katika hayo. Lakini kama Nesta anamjua vizuri, mzee aliambiwa, "Aliondoka mzima," basi, na tangu hapo anazunguka na neno hilo moja.

Alipomaliza mtihani hakungoja matokeo. Alipiga moyo konde. Jumamosi akashukia njiani, akanunua tetea mwekundu kwa mama mmoja wa pembeni ya barabara, akaenda naye Chapwa amemkumbatia. Njiani alimpigia simu Shangazi Tabita, maana shangazi wa ukoo hakuwa na mwiko naye. Akamwambia, "Shangazi, kesho baada ya ibada naomba uvuke. Nataka kufungua mdomo."

"Na nani, mwanangu? Nani atakaa kuliani kwako?"

"Nitajua nitakapofika hapo, shangazi. Wewe njoo tu."

Mama Paskalina alipomwona kuku alishika kichwa. Alimvuta jikoni. "Jambo hili halijawahi kufanyika, Nesta. Mjane hajifungui. Baba akiinuka pale kitini, mimi sina la kukusaidia. Utarudi kwenu Ihanda, na mtoto utamwacha."

"Najua, mama."

"Unajua, na bado?"

"Mama, nikinyamaza naachishwa chuo. Nikiondoka kimya nampoteza Eva. Nimehesabu pande zote. Mdomo ndio umebaki." Mama Paskalina alimtazama, kisha akamchukua yule kuku akamfunga miguu kwa kamba safi.

Jumapili mchana walikuwa uani. Mzee kwenye kiti chake, Shangazi Tabita kwenye mkeka na kitambaa chake cheupe cha kanisani, Mama Paskalina, Brayson amesimama, Eva anachezea ungo. Nesta alitoka ndani na kigoda kidogo mkononi, kile ambacho Shadrack alikuwa anakalia akifunga kamba za viatu. Akakiweka chini. Akapiga magoti kushoto mwa kigoda, ili kiwe kuliani kwake, akanyoosha mikono yote miwili na kuku. Macho chini. Hakutoa sauti, maana sheria ni sheria, na hakuja kuivunja. Alikuja kuomba.

"Shemeji!" Brayson akamaka. "Hii haipo! Kigoda si mtu!"

"Awe, Brayson," Shangazi Tabita akasema, kwa lile 'hapana' la Nakonde ambalo halina rufaa. "Kaa chini. Hukuulizwa."

Brayson akakaa. Hata Eva akaacha ungo. Nesta alisikia kiti kikilia. Alisikia fimbo ikigusa ardhi. Mzee alikuwa anainuka.

Basi, akajisemea. Imekwisha. Mama Paskalina akatoa mguno mdogo, ule wa mtu aliyeona sahani inaanguka. Nesta akafumba macho, lakini hakushusha mikono. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe mikono ikiwa juu. Alipofumbua, ndara za tairi zilikuwa mbele yake, ile ya kushoto imelika upande. Mkono wenye makunyanzi ukashuka ukatua juu ya mgongo wa kuku.

"Sema," Mzee Fanueli akasema.

Nesta alikuwa na hotuba ya kutetea chuo, aliipanga barabarani tangu Vwawa. Aliiacha. "Shikamoo, baba," akasema, na sauti ikatoka tumboni, haikupiga kelele, ikafika kila pembe ya ua. "Kabla ya yote nataka nikueleze Shadrack aliondokaje."

Mzee alirudi kitini polepole.

Nesta akaeleza. Akasema asubuhi ile Shadrack alikunywa uji amesimama, kama kawaida yake, na kiatu kimoja hakionekani, na Eva ndiye aliyekikalia. Nesta aliinuka akaonyesha jinsi mumewe alivyoruka kwa mguu mmoja akimtafuta mwizi wa kiatu. Eva akacheka. Kisha akafika mahali pagumu. Kilichofuata kilikuwa na utani juu ya huyu mzee aliyekaa mbele yake. Angeweza kukiruka. Brayson angekiruka. Lakini asubuhi ile bila hicho si asubuhi ya Shadrack, ni habari tu ya mtu mzima aliyeondoka.

"Nikawa nimeinama jikoni," akasema. "Nikasikia baba unakuja."

Akaenda kwenye kona ya jiko. Akaivaa ile miguu, ikaja na mgongo, na mbele ya ukoo wote akakohoa kikohozi cha Mzee Fanueli. Kikohozi chenyewe, na ule mkwaruzo wa mwisho. Shangazi Tabita akaziba mdomo. Brayson alifunga macho kabisa.

"Nikarusha mwiko," Nesta akaendelea, "nikajifunika kitenge, nikakimbilia nyuma ya mlango. Kumbe ni yeye. Ni Shadrack, amekuiga kikohozi. Alisimama hapa, akashika ukuta huu, akacheka hivi."

Akacheka kicheko cha Shadrack, kile kinachoanzia puani, kinakwama, halafu kinatoka chote kwa pamoja. Hakukiiga kwa mzaha. Alikikumbuka kwa mwili mzima. Mama Paskalina aliposikia hicho kicheko aliita, "Mwanangu!" na kujishika kifua.

"Akaniambia, 'Nakuonea huruma, mke wangu. Nikirudi safari hii nakufungua mdomo, na neno la kwanza umwambie baba apunguze kukohoa.' Akamwinua Eva, akaondoka akiwa bado anacheka. Tulimsikia akicheka hadi barabarani. Ndivyo alivyoondoka, baba."

Alirudi akapiga magoti kando ya kigoda. Sasa machozi yalikuwa yanashuka, na aliyaacha. Mzee Fanueli alikuwa ameinamia fimbo yake, mabega yanatikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama ni kilio au kicheko. Vilikuwa vyote.

"Nilipewa neno moja," akasema mwishowe. "'Mzima.' Nimelala na neno hilo muda wote huu." Akajifuta kwa kiganja. "Nani amekufundisha kusema hivi?"

"Chuo, baba."

"Hicho ambacho Brayson aliniambia ni cha kuigiza?"

"Ndicho. Na huku ndiko kuigiza kwenyewe."

"Mimi nilimuuliza kuigiza ni kazi gani. Nikamuuliza tena. Hakunijibu mpaka leo."

Nesta akainua macho, kwa mara ya kwanza, akamwona usoni. Alikuwa na macho ya Shadrack, hakuna aliyewahi kumwambia. "Baba, mimi nililetewa kwamba umenikataza. Kwamba nikienda, Eva abaki."

Shingo zote zikamgeukia Brayson. Maskini, alitamani kile kigoda kimfunike. "Baba, wewe ukiuliza mara mbili sisi tunajua hutaki! Tangu utotoni!"

"Nauliza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sijajibiwa!" mzee akafoka, na Shangazi Tabita akaachia kicheko alichokibana tangu kwenye kikohozi. Kikawaambukiza wote. Hata Brayson alicheka, akakuna kichwa, akamgeukia Nesta.

"Shemeji, unisamehe. Niliyapima kwa akili yangu. Na kibanda nacho kikanisemea upande wake."

"Nimekusikia, shemeji," Nesta akasema. "Ila kazi ya ujumbe umeachishwa leo."

Vigelegele vikapigwa, vimechelewa lakini vikapigwa. Mzee akatamka kwa kifupi: kesho arudi chuo amalize, mtoto atakaa na bibi yake, na asiwepo wa kumletea tena maneno ya mtu aliye hatua chache kutoka jikoni. Shangazi akasema mcheza kwao hutunzwa, na paja la kuku likaenda kwa Nesta. Desturi ya kuku huyo inataka lipewe mume, lakini hapo hakuna aliyebisha.

Asubuhi yake Nesta alikuwa jikoni anakoroga uji, begi lake limeshafungwa mlangoni. Hakusikia kikohozi. Alichoona ni ndara za tairi zimeshavuka kizingiti. Kwa mazoea mkono ukaruka kwenye kitenge, ukafika shingoni, akauzuia hapo. Akaurudisha kwenye mwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Mzee alitazama humo ndani kama mgeni, masizi ya ukutani, mafiga, masufuria. Hakuwahi kuingia jiko hilo tangu mkamwana aje. Akavuta kile kigoda cha Shadrack, akakaa. "Gari lako la saa ngapi?"

"La saa mbili."

"Basi muda upo." Akaegemeza fimbo ukutani. "Hebu nisikie tena alivyocheka."